Mrushaji asiye na kano

Mwezi wa nne mwaka 2013 nilikuwa sijamaliza hata mwaka Toronto. Nilikuwa nafanya kazi kwenye ghala moja nje kidogo ya jiji, shifti ya usiku, kupakia maboksi kwenye matrela kuanzia saa nne mpaka kunakucha. Chumba cha kupumzikia kilikuwa na tivii juu ukutani ambayo haizimwi, na kwenye hiyo tivii ni besiboli, kila siku besiboli, marudio ya mechi za jioni, mi nilikuwa hata siiangalii. Nimekulia Marangu, chini ya Kilimanjaro, mpira kwangu ni mpira wa miguu, huu mwingine niliona ni watu wazima wamesimama uwanjani wanatafuna na kutema mate. Mpaka usiku mmoja jamaa wa Jamhuri ya Dominika niliyekuwa napakia naye akanigusa bega, akaniambia profesa (aliniita hivyo kwa sababu nilishamwambia nyumbani nilikuwa mwalimu wa fizikia), njoo umwone huyu, huyu alipanda mlima wenu.

Nikainua kichwa. Mzungu mwenye ndevu, jezi ya Toronto Blue Jays, namba 43, mgongoni imeandikwa DICKEY. Akarusha. Na mi kwa macho ya mtu aliyefundisha mwendo na nguvu kidato cha tatu miaka sita nikaona kitu ambacho hakikuniingia akilini, mpira ulikuwa hauzunguki. Ulikuja kama umechoka vile, ulipokaribia mpigaji ukayumba pembeni, halafu ukashuka ghafla, jamaa akakata hewa na gongo lake, na mdakaji aliyechuchumaa nyuma naye akaukosa, ukampiga kifuani ukadondoka chini.

Chai yangu ilipoa. Toka siku ile sijaacha kumfuatilia huyo mtu, hata baada ya kustaafu kwake, na kila nikisimulia habari zake kwa Waswahili wenzangu wa huku naishia katikati maana lazima kwanza nieleze besiboli yenyewe. Basi leo naandika yote.

Kwa kifupi sana ili twende pamoja: mrushaji anasimama kwenye kichuguu katikati ya uwanja, mita 18.44 kutoka kwa mpigaji. Anarusha kijipira kigumu cha ngozi chenye uzito wa kama gramu 145, kimeshonwa kwa uzi mwekundu uliotuna kidogo juu ya ngozi. Mpigaji ana gongo. Timu inabaki kupiga mpaka watu wake watatu watolewe (kila mmoja ni auti), hapo inapiga timu ya pili, zamu hizo mbili ndiyo iningi moja, na mechi ni iningi tisa, kwa hiyo kila upande una auti 27 za kutafuta. Mrushaji anayeanza mechi ndiye mtu mwenye presha kuliko wote pale, kila kitu kinaanzia mkononi mwake, na akishindwa anashindwa peke yake mbele ya watu elfu thelathini au arobaini. Warushaji karibu wote wanaishi kwa spidi, kilomita 150 kwa saa na zaidi, na wanauzungusha mpira kwa nguvu ili ukate kona. Huo mzunguko unatoka begani, kwenye kiwiko na kwenye kifundo cha mkono, ndiyo maana viwiko vyao vinachanika kila leo na kupelekwa kushonwa.

Sasa Robert Allen Dickey, kiwiko chake cha mkono wa kulia hakina kano. Yaani ile kano ya upande wa ndani wa kiwiko, inayoshika mifupa isiachane mtu anaporusha, haipo kabisa.

Hakujua. Amezaliwa Nashville, Tennessee, mwaka 1974, akasoma Chuo Kikuu cha Tennessee, akawa mrushaji mzuri kiasi kwamba mwaka 1996 aliitwa timu ya taifa ya Marekani iliyochukua shaba kwenye Olimpiki ya Atlanta. Mwaka huohuo Texas Rangers wakamchagua, wa 18 kwenye nchi nzima, wakakubaliana wampe dola 810,000 za kusaini. Kijana wa familia isiyo na pesa, dola laki nane na kumi. Halafu likatoka jarida moja la besiboli, ukurasa wa mbele kuna picha ya warushaji wa timu ya taifa wamesimama pamoja, na mtu mmoja wa kitengo cha tiba cha Rangers akaitazama ile picha akaona mkono wa Dickey unaning'inia vibaya, umepinda pale kwenye kiwiko tofauti na wenzake. Wakaagiza apimwe. Vipimo vikarudi, kano hakuna. Ofa ikaondolewa mezani, na iliporudi ilikuwa dola 75,000.

Hii picha mi huwa naifikiria sana. Mkono ule ulikuwa umeshashinda mechi za chuo na Olimpiki, haukuuma, haukulegea, ulirusha kama kawaida. Kilichobadilika ni karatasi tu. Nilipofika Kanada na vyeti vyangu ofisi moja ikaniandikia barua kwamba masomo yangu hayalingani na ya kwao, na mi usiku ule nilikuwa najua kanuni zilezile za Newton nilizozijua asubuhi kabla sijafungua bahasha. Kwa hiyo hiyo sehemu ya maisha ya Dickey sikuhitaji mtu anifafanulie.

Alisaini zile 75,000. Angefanya nini.

Ikafuata miaka ambayo nitaipita haraka maana hata yeye ilimpita hivyohivyo, akichezea timu za madaraja ya chini huko Marekani, mabasi, mahoteli ya barabarani, kuhamahama na familia. Aligusa ligi kuu mara ya kwanza mwezi wa nne 2001, akarudishwa chini. Mwaka 2003 alishinda mechi 9 na kupoteza 8 akiwa na Rangers, ndiyo ulikuwa msimu wake mzuri wa kipindi kile. Baada ya hapo spidi ikaanza kupungua. Na mrushaji wa kawaida ambaye spidi inapungua akiwa na miaka 30 anajua kinachokuja.

Mwaka 2005 makocha wa Rangers, Buck Showalter na Orel Hershiser, wakamwita wakamwambia ukweli, kwa mipira hii uliyo nayo huna maisha hapa, lakini kuna njia moja, geuka uwe mrushaji wa nakoboli, ule mpira usiozunguka. Mtu ana miaka 30, ana mke na watoto, anaambiwa aache kila alichojifunza toka utotoni aanze kitu ambacho ligi nzima kinafanywa na mtu mmoja au wawili, na ambacho wengi wanakiona ni mchezo wa vituko. Akakubali. Akafundishwa kushika na Charlie Hough, mzee aliyeishi miaka mingi ligi kuu kwa mpira huo. Baadaye akaenda pia kwa Phil Niekro, ambaye alishinda mechi 318 na kurusha mpaka akiwa na miaka 48, na kwa Tim Wakefield wa Boston, ambaye alikuwa bado anacheza, yaani ni mpinzani, na alimfundisha hivyohivyo. Hao watu wa nakoboli ni wachache mno kiasi kwamba hawafichani kitu, wanarithishana kama waganga wa zamani wanavyorithishana dawa.

Niieleze nakoboli yenyewe kidogo maana hapa ndipo nilipopendea. Unachomeka kucha za kidole cha shahada na cha kati kwenye ngozi ya mpira, kucha kabisa siyo ncha za vidole, dole gumba linashikilia pembeni. Kifundo cha mkono unakikaza. Unaporusha hauzungushi chochote, unausukuma tu na kuuachia, na ukipatia mpira unatoka hauzunguki, au unazunguka nusu duara tu mpaka ufike. Mpira unaozunguka kwa kasi unashika njia yake kama pia ya watoto inapozunguka. Usiozunguka hauna wa kuushikilia, sasa ule uzi uliotuna ndio unaovuruga hewa, upande mmoja hewa inapita laini, upande wa pili inachafuka, mpira unasukumwa huku. Ukigeuka kidogo tu uzi unahamia upande mwingine na unasukumwa kule. Njia nzima hiyo ya mita 18. Mpigaji hajui unaenda wapi, mdakaji hajui, na aliyeurusha mwenyewe hajui. Ila ukitoka unazunguka hata kidogo zaidi ya inavyotakiwa, basi umempa mpigaji mpira wa taratibu ulionyooka, na huo ataupeleka jukwaani.

Ndicho kilichotokea tarehe 6 Aprili 2006. Mechi yake ya kwanza ya msimu ule ligi kuu, sasa ni mrushaji wa nakoboli, dhidi ya Detroit Tigers, nyumbani kwao Texas. Wakampiga homu rani sita, ndiyo hiyo mipira ya jukwaani. Sita, ndani ya iningi tatu na theluthi moja, akaifikia rekodi ya zama hizi ya kupigwa homu rani nyingi zaidi kwenye mechi moja. Jamaa yangu wa Dominika alinionyesha hiyo mechi kwenye simu tukiwa tumekaa juu ya mapaleti, na mi nilitazama tofauti na yeye, sikutazama mipira inayopaa, nilimtazama Dickey kila ikipaa. Anageuka, anaangalia inapoangukia, anageuza uso, anaomba mpira mwingine. Mara sita. Baada ya mechi hiyo wakamrudisha daraja la chini.

Miaka ile ilikuwa mibaya kwake hata nje ya uwanja. Mwaka 2012 alitoa kitabu cha maisha yake, humo akasema kwa mdomo wake mwenyewe kwamba akiwa na miaka minane alifanyiwa ukatili wa kingono, akakaa nalo moyoni zaidi ya miaka ishirini bila kumwambia mtu, na ndoa yake karibu ivunjike, na alifika mahali aliwaza kujiua. Mwanaume, mwanamichezo, mtu wa kusini mwa Marekani, kuliandika hilo likasomwa na kila mtu kwenye vyumba vya kubadilishia nguo alivyoingia. Kwetu uchagani wangapi wamekufa nalo? Namheshimu kwa hilo kuliko kwa mechi yoyote.

Na kuna mto. 2007, anachezea timu ya Nashville daraja la chini, wamesafiri kwenda Omaha, Nebraska, hoteli yao iko kando ya mto Missouri, akaamua auogelee avuke. Maji ya mto ule yana nguvu ajabu chini kwa chini. Alipofika katikati akajua havuki, akageuza, nguvu zikamwishia, akaanza kuzama. Akajikokota mpaka karibu na ukingo na mchezaji mwenzake Grant Balfour, aliyekuwa anamfuata kwa miguu huku juu, akampa mkono akamtoa. Baada ya mto huo akashinda karibu kila mechi, akamaliza msimu na ushindi 13 na tuzo ya mrushaji bora wa ligi yao ile. Sitasema mto ulimfundisha nini, yeye mwenyewe ameshalieleza, mi ninachojua ni kwamba alitoka pale hana tena cha kuogopa kwenye kichuguu.

Hata hivyo haikunyooka. 2008 Seattle, akaingia rekodi nyingine mbaya, mipira minne iliyopotea njia kwenye iningi moja. 2009 Minnesota. 2010 New York Mets wakamwita kambini na wakawa wamemtoa mapema kabisa, wakampeleka Buffalo. Huko Buffalo mwezi wa nne akafanya jambo ambalo mi nikilisoma tena nasisimka, mpigaji wa kwanza wa Durham alipata hiti, yaani aliupiga mpira akafika salama, halafu Dickey akawatoa wote waliofuata. Auti 27 mfululizo. Wa kwanza alifika, wengine wote wakarudi kukaa kwenye benchi. Mwezi uliofuata Mets wakampandisha, ana miaka 35, na hakurudi chini tena maishani.

Sasa mlima.

Toka akiwa kijana alikuwa amesoma hadithi inayotaja theluji ya Kilimanjaro na akawa na hamu nao. Januari 2012 akaja Tanzania. Mets walimwandikia barua kumwonya kwamba akiumia huko wana haki ya kuvunja mkataba wake, ulikuwa na zaidi ya dola milioni nne za mwaka ule. Akaja. Alikuwa anachangisha pesa za taasisi inayowatoa wanawake na wasichana kwenye biashara ya ngono Mumbai, India, zikapatikana zaidi ya dola laki moja, na ukishasoma aliyoyapitia utotoni huna haja ya kuuliza kwa nini wasichana wale. Akafika kileleni, mita 5,895.

Niliposikia hivyo nilimpigia simu mjomba wangu Marangu. Mjomba ni mgumu, yaani alikuwa, amestaafu. Wageni wanawaita wapagazi lakini wenyewe mlimani wanaitana wagumu, na jina wamelistahili, kilo 20 za mzigo wa mgeni kichwani au mabegani juu ya zile zake, wanaondoka kambini baada ya wageni na wanafika kambi inayofuata kabla yao ili mahema yawe yamesimama na maji ya moto yapo. Nikamsimulia kwa hamasa yote, shikamoo mjomba, marahaba, mjomba kuna mzungu huku mrushaji wa besiboli hana kano kwenye mkono, alipanda mlima, mwaka huohuo akachukua tuzo kubwa kuliko zote za warushaji. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, nani alimbebea?

Nikasema mjomba sijui, wagumu wa kampuni fulani. Akasema haya, na hiyo kazi yake ya kurusha, nani anambebea?

Nikacheka, nikaaga, nikakata simu. Lakini lile swali halikuondoka, na nitalirudia.

Kwanza huo mwaka wenyewe. 2012 Dickey alishinda mechi 20, akapoteza 6. Aliwatoa kwa straikauti, yaani wakashindwa kuupiga mpira wake, watu 230. Mwezi wa sita alicheza mechi mbili mfululizo ambazo kila moja wapinzani walipata hiti moja tu, kwanza Tampa Bay kisha Baltimore. Na sehemu kubwa ya msimu alicheza msuli wa tumbo umechanika, akafanyiwa upasuaji ilipoisha. Timu yake ilikuwa mbovu, Mets walimaliza wamepoteza 88 na kushinda 74 tu, maana yake katika kila mechi nne walizoshinda, moja na kitu ilikuwa na jina lake. Ushindi wa 20 aliupata Septemba tarehe 27 nyumbani New York dhidi ya Pittsburgh, alirusha mipira 128 siku hiyo, ana miaka 37 na tumbo limechanika. Novemba wakampa Cy Young, tuzo ya mrushaji bora, mrushaji wa kwanza wa nakoboli kuipata toka ianzishwe. Niekro na mechi zake 318 hakuwahi kuipata.

Mwezi mmoja baadaye Mets wakamuuza Toronto. Ndiyo besiboli hiyo, huna la kusema.

Toronto walitoa vijana wao wawili wa maana kumpata, Noah Syndergaard mrushaji na Travis d'Arnaud mdakaji, na ndiyo lawama zilipoanzia. Ghalani walikuwa wanamsema kila siku. Walitegemea yule wa 2012, wakampata mtu wa kushinda 14 na kupoteza 13, halafu mwaka uliofuata tena 14 na 13, na Syndergaard huko New York akachanua mpaka fainali za 2015. Nilibishana nao sana na bado nabishana. Angalia iningi zake. Misimu mitatu ya kwanza Toronto alirusha zaidi ya iningi 200 kila msimu, ana miaka 38, 39, 40, kila siku ya tano yuko pale, haumwi, hapumziki, mvua paa linafungwa jua paa linafunguliwa yeye anarusha. Wenye kano zao nzima walikuwa wanapishana kwenye meza ya upasuaji. Mtu wa namna hii ukiwa naye kwenye shifti hutamsifia, maana hafanyi kitu cha kukustua, ila siku asipokuja ndiyo utajua trela lilikuwa linajaa kwa mikono ya nani.

Oktoba 2015 Blue Jays wakaingia mtoano, mara ya kwanza toka 1993. Mji ulichanganyikiwa. Mechi ya nne ya raundi ya kwanza, tarehe 12, Dickey anaanza, mechi yake ya kwanza kabisa ya mtoano katika maisha yake ana miaka 40, na ni Arlington, dhidi ya Texas Rangers, walewale wa picha na dola 75,000. Niliomba ruhusa kazini nikanyimwa, nikatazama kwa vipande kwenye simu kati ya trela na trela. Alirusha vizuri. Toronto wanaongoza 7 kwa 1, iningi ya tano, amebakiza auti moja, moja tu, maana sheria inasema mrushaji aliyeanza lazima amalize iningi tano ndiyo ushindi uandikwe kwa jina lake. Kocha akatoka. Akatembea mpaka kwenye kichuguu akamnyang'anya mpira, akamwingiza David Price. Dickey akatoka. Toronto walishinda 8 kwa 4 na ushindi ukaandikwa wa Price.

Auti 14, zilitakiwa 15. Mi nilipiga boksi teke. Jamaa yangu aliniambia kocha anatafuta kushinda siyo kugawa zawadi, na najua ndiyo, lakini ulikuwa moyo wake pale, ilikuwa Texas, wanaongoza kwa sita! Siku nane baadaye alianza tena nyumbani dhidi ya Kansas City, wakampiga vibaya, hakumaliza hata iningi ya pili. Kwa hiyo kwenye vitabu vya mtoano hana ushindi hata mmoja.

Alicheza mpaka 2017, mwaka wa mwisho Atlanta, akashinda 10 na kupoteza 10. Jumla ya maisha yake ligi kuu ni 120 kwa 118.

Hizo namba mbili nimezikariri. Mtu anaweza kusema ni za kawaida, sare karibu. Ila hesabu vizuri, alipogeuka nakoboli pale 2005 alikuwa na ushindi usiofika 20, ana miaka 30, na kano hana. Mechi zaidi ya mia zilipatikana upande wa pili wa ule umri ambao wengine wanafunga begi. Mi nilipoingia darasani kusomea ufundi umeme nikiwa na miaka 37, vijana wa miaka 19 wamenizunguka wananiita sir kwa kudhani mi ndiye mwalimu, niliandika 118 juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari. Siyo 120. Niliandika 118 maana ndizo nilizokuwa naziogopa, na huyu alizipoteza zote hadharani na kesho yake akaja kazini.

Sasa swali la mjomba. Nani anambebea.

Nilikuja kupata jibu taratibu. Kwenye mlima hakupanda peke yake, alikuwa na mrushaji mwenzake Kevin Slowey, na mwingine alikuwa Dave Racaniello, na kazi ya Racaniello pale Mets ilikuwa kudaka. Siyo mchezaji wa mechi, ni yule anayedaka warushaji wakifanya mazoezi, kila siku, hakuna anayemjua. Halafu Mets walipomuuza Dickey, Toronto walichukua pamoja naye wadakaji wawili, Josh Thole na Mike Nickeas. Kwa nini? Kwa sababu nakoboli haidakiki ovyo. Mdakaji wa kawaida wa Toronto siku ya kwanza ya Dickey mipira mitatu ilimpita, timu ikabidi imtafutie mtu wake. Hao wanaodaka nakoboli wanavaa glavu kubwa kuliko ya kawaida, wanachuchumaa saa tatu nzima, wanaupokea mpira usiojua unakwenda wapi, unawapiga kwenye mabega, kwenye shingo, kwenye mapaja, na ukipita ni kosa lao linaandikwa. Bob Uecker, aliyewahi kumdakia Niekro, alikuwa akisema njia bora ya kudaka nakoboli ni kusubiri iache kubingirika halafu uiokote. Watu wanacheka, ila mwaka aliomdakia Niekro ndiye aliyeongoza ligi kwa mipira iliyompita.

Nikampigia mjomba nikamwambia nimempata mbebaji. Nikamweleza Thole ni nani. Akasema, eeh, huyo ni mgumu.

Jumapili moja ya kiangazi jamaa yangu alikuja na glavu mbili na mpira, tukashuka kwenye parking ya nyuma ya jengo ninaloishi. Nilikuwa nimefuga kucha mbili wiki tatu, mke wangu ananishangaa. Nikazichomeka kwenye ngozi kama nilivyoona, nikakaza kifundo, nikarusha. Ukazunguka. Nikarusha tena, ukazunguka. Tulikaa saa nzima, kucha ya kidole cha kati ikapasuka, nikaifunga kwa selotepu nikaendelea. Halafu tukabadilishana, akasema wewe chuchumaa, nirushe mimi, alikuwa amejaribu utotoni kwao. Mipira mingi ilikuja ya kawaida tu. Mmoja ukatoka mkononi mwake ukiwa umetulia. Niliona uzi mwekundu umesimama, niliona chapa ya kampuni imeandikwa kwenye ngozi na nikaisoma herufi kwa herufi wakati mpira uko hewani unakuja, nikanyoosha glavu pale ulipokuwa unaelekea, ukaenda pengine. Ulinipata mfupa wa kifua. Nikauokota chini ya gari la jirani, nikamrudishia, nikachuchumaa tena.